Jinsi ya kuandika maswali ya watazamaji yakaeleweka: mwongozo kamili, kutoka Bagamoyo

Mi nafanya kazi na vikundi vya ngoma na maigizo hapa Bagamoyo, na baada ya onyesho huwa tunagawa fomu ya kuwauliza watazamaji wameonaje. Sasa kuna usiku mmoja kikundi kimoja kiligawa fomu zikarudi nyingi tu, tukafurahi, ila kesho yake tulipokaa kuzisoma tukakuta swali la nne wengi wameliruka na waliolijibu kila mtu kajibu lake. Swali lenyewe lilisema hivi: "Ni kwa kiwango gani umeridhishwa na maudhui ya burudani iliyotolewa?" Mama mmoja anayekaanga samaki, ambaye onyesho halimpiti, kaandika "2,000". Tukadhani kakosea mstari, nikamfuata pale sokoni kumuuliza, akaniambia mwanangu si mmeuliza kiwango, kiingilio kilikuwa elfu mbili na mimi nililipa. Jibu lake lilikuwa sahihi kabisa kwa swali alilolisoma yeye.

Iliniuma kwa sababu watu wa hapa wanajua kutazama. Chuo cha Sanaa kilianza hapa mwaka 1981, ndo TaSUBa ya leo (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), na tamasha lake likaanza 1982, kwa hiyo kuna watu wazima hapa mjini wamekuwa wakikaa mbele ya jukwaa tangu wakibebwa mgongoni. Mtu kama huyo anakuambia mpiga ngoma kachelewa wapi na mwigizaji kasahau maneno saa ngapi. Ana maoni mengi ya maana, sisi ndo tunamfungia mlango kwa Kiswahili cha ofisini. Basi naandika hapa namna tunavyofanya sasa hivi, hatua kwa hatua, na kama wewe kazi yako ni redio, kanisa, kaswida, ligi ya mtaa au semina, mambo ni yale yale.

Hatua ya 1: Kabla ya swali, andika utafanya nini na jibu

Chukua karatasi, gawa mara mbili. Upande wa kushoto andika swali unalotaka kuuliza, kulia andika "nikipata jibu hili nitabadili nini onyesho lijalo". Kulia kukikosa kitu, futa swali. Hapa hakuna huruma, hata kama swali ni la mwenyekiti wa kikundi. Tulianza na maswali 19, yakabaki 7, na saba yanatosha maana mtu anajibu kasimama, usiku, mtoto kamlalia begani na boda anamsubiri nje.

Zoezi hili linasaidia pia kulainisha lugha. Ukishajua unataka kuamua kama uanze onyesho mapema au la, huandiki tena "Toa maoni yako kuhusu ratiba", unaandika "Tulianza saa 2 usiku. Kwako ilikuwa mapema, sawa, au tulichelewa?" Swali linalotatanisha mara nyingi ni la mtu ambaye mwenyewe hajajua anataka nini.

Hatua ya 2: Liseme kwa mdomo kwanza, alafu ndo uandike

Usianzie kwenye kompyuta. Jifanye umekutana na shangazi yako njiani katoka kwenye onyesho, unamuuliza. Huwezi kumwambia "shangazi, umeridhishwa kwa kiwango gani na maudhui", utamwambia "shangazi, hadithi umeielewa? Imekugusa?" Hayo maneno uliyomwambia ndo swali lako, yaandike hivyo hivyo, ongeza adabu kidogo basi.

Kuna maneno ambayo mimi sasa hivi nikiyaona kwenye fomu nayakata bila kujadili. Hadhira, andika watazamaji au "watu waliokuja". Maudhui, andika hadithi, au ujumbe, au nyimbo, kulingana na unachokimaanisha kweli. Miundombinu ya ukumbi, hapo sema viti, taa, choo, maana mtu hakai kwenye miundombinu. Kaya, hii wengi wanaisikia siku ya sensa tu, andika "watu mnaoishi na kula pamoja". Na lile neno kiwango, nadhani tumeelewana.

Alafu kuna ile mitungo ya vitenzi: "huduma zitolewazo na wahudumu waliopangiwa kuwahudumia watazamaji". Kila kitenzi kimebeba mzigo wa mwenzake na msomaji akifika mwisho kashasahau mwanzo. Vunja. "Walioko mlangoni walikupokeaje?" Basi, imeisha. Mtaje mtendaji, tumia kitenzi kimoja, na swali likizidi maneno kumi na tano hivi lisome tena utaona kuna kitu kinakatika.

Tahadhari moja kwa wanaopenda kutumia vipimo vya kompyuta vya ugumu wa maandishi. Kipimo maarufu cha Rudolf Flesch cha mwaka 1948 kinahesabu urefu wa sentensi na idadi ya silabi kwenye maneno, na kilitengenezwa kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili kinakudanganya. "Nitakupigia" lina silabi sita na mtoto wa chekechea analielewa, "dhima" lina silabi mbili na nusu ya watu wazima watakuuliza ndo nini. Kipimo chetu ni masikio ya mtu.

Hatua ya 3: Winda maneno yenye maana mbili

Hapa ndo pana kazi kubwa na ndo watu wanapita haraka, naomba tukae kidogo.

Chukua neno ngoma. Tuliwahi kuandika "Ngoma ipi ulipenda zaidi?" Wazee wakatutajia mdundiko na sindimba, vijana wakatuandikia majina ya nyimbo zilizopigwa kwenye spika kabla hatujaanza, na jamaa mmoja akachora ile ngoma kubwa iliyokuwa katikati ya steji. Wote sawa! Ngoma ni chombo, ni dansi, ni shughuli nzima, na kwa vijana ni wimbo wa bongofleva. Sasa tunaandika "Kati ya dansi hizi nne za asili, ipi ulipenda zaidi?" na tunazitaja kwa majina.

Sauti nayo ni hivyo hivyo. "Sauti ilikuwaje?" Mwingine anakujibu mwimbaji ana sauti tamu, wewe ulitaka kujua kama waliokaa nyuma walisikia. Uliza "Ulipokaa, ulisikia waigizaji wanachosema?" Mchezo unaweza kuwa igizo au mechi ya mpira. Kipindi kwa watu wa redio ni programu, kwa mwanafunzi ni somo la dakika arobaini, kwa mwingine ni majira.

Angalia na vile vineno vidogo vya wingi. Ukiandika "mlionaje", mama aliyekuja na watoto wanne anajibu kwa niaba ya familia nzima, na aliye peke yake anajijibia. Kama unamtaka mtu mmoja, tumia umoja, "uliionaje". Kwa maandishi sio kumkosea mkubwa heshima. Heshima unaiweka pale unapompa fomu, shikamoo mzee, naomba dakika zako mbili.

Hatua ya 4: Swali moja, jambo moja

"Je, ulifurahia viti na bei ya kiingilio?" Viti vilimuumiza mgongo, bei ilimfurahisha, ajibu nini? Tafuta "na" na "au" kwenye kila swali, ukiikuta jiulize kama mtu anaweza kusema ndiyo upande mmoja na hapana upande wa pili. Kama anaweza, ni maswali mawili. Ya kutosha hapo.

Hatua ya 5: Ogopa "si" na "ha"

Maswali ya kukanusha yameangusha hata wataalamu wakubwa. Marekani mwaka 1992 shirika la utafiti la Roper liliuliza watu kama wanaona inawezekana au haiwezekani kwamba mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi hayakutokea. Soma tena hilo swali taratibu, haiwezekani kwamba hayakutokea. Asilimia 22 walisema inawezekana hayakutokea, nchi nzima ikashtuka. Mwaka 1994 wakauliza upya kwa maneno yaliyonyooka, wenye jibu hilo wakawa asilimia 1 tu. Wengi walijikwaa kwenye kanusho mbili.

Kwetu sisi mtego ni mkubwa zaidi kwa sababu ya ndiyo yetu. Muulize mtu "Hukupata shida kufika?" Mmoja atasema ndiyo, maana yake ni kweli, sikupata. Mwingine atasema ndiyo, nilipata, boda walinizungusha kutoka stendi. Ana kwa ana utajua kwa uso na maneno yanayofuata, kwenye karatasi unabaki na tiki kwenye kiboksi cha ndiyo na huna pa kwenda. Andika "Ulipata shida kufika hapa?" Nyoofu.

Na hata bila kukanusha, neno lenyewe linavuta jibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 huko huko Marekani watu waliulizwa kuhusu hotuba za hadharani za kupinga demokrasia. Kundi moja liliulizwa kama serikali izikataze, 54 kwa mia wakasema ikataze. Kundi lingine liliulizwa kama serikali iziruhusu, 75 kwa mia wakasema isiruhusu. Kukataza na kutoruhusu si ni kitu kimoja? Kwa akili ni kimoja, ila kukataza ni neno kali na watu wanalikwepa. Kwa hiyo ukiuliza "tupige marufuku kurekodi kwa simu ukumbini?" ujue marufuku nayo inapiga kura.

Hatua ya 6: Saa, siku na "mara nyingi"

Fomu nyingi zinatengenezwa kwenye simu au laptopu, na saa zake ni za kizungu. Mtu anakuta kiboksi cha 19:00 hadi 20:00 anabaki anahesabu vidole. Mbaya zaidi ni kuandika "saa 7" peke yake, huyu anaona mchana jua la utosi, yule anaona jioni. Andika kama tunavyosema, "saa 1 jioni", na neno jioni lisikosekane.

Siku nazo, hasa kwetu pwani. Ukimwandikia mzee "usiku wa Jumamosi" anaweza kuelewa usiku wa kuamkia Jumamosi, yaani Ijumaa baada ya magharibi, maana kwa hesabu ya zamani siku inaanza jua likizama. Kijana anaelewa Jumamosi yenyewe usiku. Andika "Jumamosi usiku" na tarehe pembeni, ugomvi uishe. "Wiki iliyopita" pia ina kona zake, kuna anayeanza wiki Jumamosi kama jina lenyewe linavyosema, kuna anayeanza Jumatatu. Sema "siku 7 zilizopita".

Alafu "Huwa unakuja mara ngapi: mara nyingi, mara kwa mara, wakati mwingine?" Mara nyingi ya mvuvi anayelala baharini na mara nyingi ya mwanafunzi wa chuo anayeishi jirani na ukumbi hazifanani hata kidogo. Omba namba, na mpe kitu cha kushika kwenye kumbukumbu: "Tangu Idi ya juzi umekuja kutazama mara ngapi?" Ukishamfungia kwenye Idi, tamasha au kufungua shule, anakumbuka vizuri kuliko ukimwambia miezi sita.

Hatua ya 7: Majibu ya kuchagua ni sehemu ya swali

Mtindo wa "nakubali kabisa, nakubali, sina upande, sikubali, sikubali kabisa" umetokana na Rensis Likert, Mmarekani, kazi yake ya mwaka 1932. Ni chombo kizuri ila kina tabia moja, watu wengi huelekea kukubali chochote kilichoandikwa. Na kwetu ongeza adabu. Mgeni hali pilau yako akasema chumvi imezidi, atasema asante imekuwa nzuri, na mtazamaji naye anajiona mgeni wako. Ukimwandikia "Onyesho lilikuwa zuri: unakubali au hukubali?" umeshamaliza, atakubali.

Tunafanya hivi. Badala ya kumpa sentensi aikubali tunamuuliza kitu chenyewe na majibu yake yanaongea lugha ya hicho kitu: "Onyesho lilikuwa na urefu gani? Fupi mno / sawa / refu mno." Na ukitaka lawama, mpe ruhusa ya kuitoa bila kuvunja adabu: "Ukipewa nafasi ya kurekebisha kitu kimoja tu kwenye onyesho hili, ungerekebisha nini?" Hili swali ndo limetupa mambo mengi kuliko yote. Watu walioandika "nzuri" juu mpaka chini, hapo wanakuambia taa iliwachoma macho dakika zote.

Kuwa makini na katikati. "Kawaida" kuna anayeisoma kama hamna jipya, imedoda, na kuna anayeisoma kama vile mlivyozoea kutufurahisha. "Si mbaya" ndo kabisa, kwa Kiswahili chetu cha mdomo si mbaya ni sifa, mtu akionja mchuzi akasema si mbaya ujue ataongeza. Ukiiweka chini ya "nzuri" umeharibu ngazi nzima. Sisi tunatumia nzuri sana, nzuri, ya wastani, mbaya, na "sijui" tunaiweka pembeni kabisa isichanganyike na wastani, sababu asiyejua na aliyeona wastani ni watu wawili tofauti.

Umri usigongane. 18 hadi 25 alafu 25 hadi 35, mwenye miaka 25 akae wapi? Andika 18–24, 25–34 uendelee hivyo. Na kumbuka, kwenye karatasi watu huelekea kuchagua la juu, ukiwasomea kwa mdomo huelekea kuchagua la mwisho maana ndo wanalolikumbuka. Kama unasomea watu, majibu yasizidi manne.

Hatua ya 8: Macho, mwanga na bando

Maandishi ya saizi 14, mistari iachane, kiboksi kiwe kikubwa cha kutiki na kalamu ya kuazima. Sisi tuliwahi kuprinti saizi 10 ili karatasi itoshe moja, taa za uwanjani zikazimwa, watu wakawa wanamulika kwa simu, na wazee wakarudisha karatasi nyeupe kwa upole kabisa. Maswali yakizidi karatasi, punguza maswali, usipunguze herufi.

Kwa simu, swali moja likae kwenye skrini bila kusukuma pembeni, usiweke majedwali ya mistari na safu, yanakatika. Linki unayotuma kwenye grupu la WhatsApp isiwe na picha nzito, kuna mtu bando lake ni la kubahatisha. Jina na namba ya simu usiombe kama huna kazi navyo, watu wanafunguka zaidi wasipojitaja, na kumbuka tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ukiwa na sababu ya kuomba, iandike pale pale kwa sentensi moja.

Na kama fomu imetoka kwa mfadhili kwa Kiingereza, usiitafsiri mstari kwa mstari. Isome, elewa kila swali linatafuta nini, funika karatasi, alafu uliza upya kwa Kiswahili. Kisha mpe mtu mwingine ambaye hajaiona ile ya mwanzo akueleze kwa Kiingereza maswali yako yanauliza nini. Mkikutana sehemu moja, imepita.

Hatua ya 9: Itesti kwa watu sita kabla ya kuprinti

Kama huna muda wa kufanya yote hapo juu, fanya hii. Tafuta watu sita wasiofanana: mzee wa Mji Mkongwe, binti wa sekondari, muuza samaki, boda, mtu aliyehamia juzi kutoka bara, na mmoja asiyependa kusoma. Kaa nao mmoja mmoja, kivulini, bila haraka. Waambie wazi kwamba unaipima fomu, yeye humpimi, maana watu wanaogopa kuonekana hawajui.

Mpe asome swali kwa sauti. Sikiliza anaposita. Akirudia neno, au akasoma kitu ambacho hujaandika, weka alama hapo hapo, ulimi wake umekuonyesha kokoto. Kabla hajajibu muulize, "Hapa wanataka kujua nini?" aseme kwa maneno yake. Alafu ajibu, na umuulize "Umefikaje kwenye jibu hilo?" Usimsaidie. Ukijikuta unaanza kusema "hapana, tulimaanisha..." nyamaza, andika ulichotaka kusema, maana hayo maneno uliyotaka kumfafanulia mara nyingi ndo swali lenyewe lilivyotakiwa kuwa.

Wawili kati ya sita wakijikwaa sehemu moja, badilisha swali, tafuta wengine watatu wapya ujaribu tena. Hao wa mwanzo usiwarudie kwa swali lile lile, washajua jibu unalolitafuta.

Lile swali la nne tulilipitisha hivyo. Toleo la kwanza likawa "Ulielewa ujumbe wa igizo?" na wote sita wakasema ndiyo, haikutusaidia, nani atasema hakuelewa. La pili, "Igizo lilikuwa linahusu nini?" boda akasema huu mtihani, akaturudishia kalamu. La tatu ndo tunalitumia mpaka leo: "Ukifika nyumbani ukaulizwa igizo lilihusu nini, utawaambia nini?" Mistari miwili mitupu chini yake.

Yule mama wa samaki alikuwa mmoja wa wale watatu wa mwisho. Aliandika mistari yote miwili, akageuza karatasi, akaendelea nyuma.